Uzoefu wangu wa kulinda viti vya ngozi vya rangi ya krimu: kinga ya kupaka, filamu ya vioo na pazia la jua

Nianze na jibu. Kinga ya ngozi ya kupaka, ile ya maji inayouzwa kwenye chupa ndogo, imeviokoa viti vyangu vya krimu na rangi ya jinzi, na nitaendelea kuinunua. Kwenye suala la jua sikuiona ikifanya lolote la maana. Kazi hiyo imefanywa na vioo na pazia. Lebo nyingi huahidi yote mawili kwa pamoja, kana kwamba ni maradhi mamoja yenye dawa moja, na hapo ndipo wenye viti vyeupe wanapopoteza pesa.

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza unachokipaka. Ngozi ya magari mengi ya sasa haiko wazi. Juu yake kuna tabaka la rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jingine jembamba la plastiki laini, kwa kawaida poliyurethani. Mkono wako unapogusa kiti, unagusa tabaka hilo. Doa likija linaanzia hapo, na ufa ukija unaanzia hapo pia. Ngozi iliyo wazi, isiyo na tabaka hilo, hupatikana kwenye magari machache ya anasa. Kuitambua ni rahisi: weka tone la maji mahali palipojificha. Likibaki juu kama lilivyo, ngozi yako imefunikwa. Likizama na kuacha alama nyeusi, ngozi iko wazi, na haya nitakayoeleza hayaihusu.

Adui mkubwa wa kiti cha krimu si kahawa wala matope, ni suruali. Nili inayotia jinzi rangi haishikamani na pamba kwa nguvu. Inakaa juu ya nyuzi, na ndiyo maana jinzi huchakaa kwa ule mpauko wake tunaoupenda. Rangi inayotoka inahitaji pa kwenda. Ukiongeza joto la kiti kilichokaa juani, jasho kidogo, na msuguano wa kuingia na kutoka, inahamia kwenye kiti. Mwanzoni inakaa juu ya lile tabaka na inafutika. Ikiachwa ikapigwa na joto siku hadi siku, inazama ndani, na hapo hakuna sabuni itakayoitoa bila kuondoka na rangi ya kiti. Maeneo ya kuchunguza ni ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango na sehemu ya mapaja. Sehemu ya mgongo inapokutana na mkanda wa suruali nayo isisahaulike, maana mkanda mpya wa ngozi ya kahawia au nyeusi unatoa rangi vibaya kuliko hata jinzi.

Gari lilipokuwa jipya niliamua kupaka kiti cha dereva tu na kuacha cha abiria bila kinga, kwa makusudi, ili niwe na cha kulinganisha. Upakaji wenyewe hauhitaji fundi. Unasafisha kwanza kwa kisafishi cha ngozi kisicho kikali: povu liwe kwenye brashi laini, si kwenye kiti, hasa kama viti vina vitundu vya kupitisha hewa, kwa sababu majimaji yakipenya humo yanakwenda kwenye sponji na nyaya za joto zilizo chini. Futa kwa taulo la maikrofaiba, acha pakauke kabisa. Kisha kinga: matone machache kwenye sponji ndogo, unapaka kwa wembamba kipande kwa kipande, unapitisha taulo kavu kuondoa ziada. Kiti changu kilibaki na ule mwonekano wake wa kiwandani usiong'aa, na hili nililifurahia sana. Kisha uvumilivu: mimi hupaka jioni na sikalii kiti kwa jinzi mpaka kesho yake.

Tofauti ilionekana mapema kuliko nilivyotarajia. Kiti cha abiria, ambacho hukaliwa mara chache zaidi, ndicho kilichoanza kuonyesha kivuli cha samawati kwenye mapaja. Kukitoa kulihitaji brashi na kurudia mara kadhaa, na kila ukisugua ujue unasugua lile tabaka pia. Kiti cha dereva kilikuwa na rangi hiyohiyo juu yake, maana kinga haizuii suruali kutoa rangi, lakini ilitoka kwa kitambaa chenye unyevu na kisafishi kidogo, bila nguvu. Faida yote iko hapo: kinga inapokea uchafu badala ya rangi ya kiti, na inakubali kuuachia. Sasa viti vyote viwili vimepakwa.

Haidumu, na hili nataka lieleweke. Kwenye ukingo wa mlango, ambapo unateleza kila unapoingia, inaisha ndani ya miezi michache wakati mgongo wa kiti bado uko sawa. Dalili niliyoizoea ni kufuta na kuona kivuli kinabaki nyuma ya kitambaa. Basi muda wa kurudia umefika, tena pale tu panapohitaji. Kwa sababu hiyo niliikataa huduma ya kinga ya miaka mingi niliyopewa wakati wa kununua gari. Kitu kinachosuguliwa kila siku hakiwezi kupakwa mara moja kikatosha kwa miaka. Wino wa kalamu nao haukujali kinga hata kidogo; ulibaki na alama hafifu. Mafuta ya kujikinga na jua yanayopakwa mwilini ni mabaya vilevile: yanaacha madoa ya njano kwenye rangi nyepesi, kwa hiyo yafute papo hapo kabla kiti hakijapata joto.

Tuje kwenye jua, ambako bei na matokeo ni vitu viwili tofauti kabisa. Viti vya rangi nyepesi havipauki kwa kuonekana kama vyeusi; vinageuka njano taratibu, na lile tabaka la juu linakauka na kupoteza ulaini mpaka mikunjo inageuka nyufa. Mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho inayosababisha haya, inaingia zaidi kwa upande. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2016, kwenye magari 29 ya watengenezaji 15, vilionyesha kuwa vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya mionzi hiyo ya aina ya A (UVA), lakini vya pembeni asilimia 71 tu, na baadhi vilishuka hadi 44. Sababu ni kwamba kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati. Vya pembeni kwa kawaida ni kioo kitupu kilichoimarishwa kwa joto.

Ndiyo maana niliweka filamu isiyo na rangi kwenye vioo vya pembeni. Filamu nzuri ya aina hiyo huzuia takriban mionzi yote ya urujuanimno bila kutia giza, kwa hiyo usidhani lazima uweke tinti nyeusi. Giza la tinti hupunguza mwanga tu. Kinga dhidi ya mionzi ni sifa nyingine, iombe kwa jina na uone maandishi ya mtengenezaji. Sheria za vioo vya magari hutofautiana, kwa hiyo uliza hata kwa filamu iliyo wazi. Na fundi awe mzuri. Vumbi moja chini ya filamu utaliona kila siku.

Joto ni jambo la pili, na hapa pazia la kukunja la kioo cha mbele, lile lenye upande wa fedha, ndilo kitu rahisi kuliko vyote nilivyonunua na ndilo ambalo nisingekubali kuliacha. Watafiti wa Arizona State University na University of California San Diego, katika utafiti wa mwaka 2018, walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja siku za joto kali: dashibodi zilifika wastani wa nyuzijoto 69 za Selsiasi, usukani 53 na viti 51. Kivulini viti vilikuwa kama 41. Nyuzi kumi hizo ndizo nili inazozipenda. Hakuna chupa itakayokupa tofauti hiyo. Kivuli kinakupa bure.

Neno kuhusu mafuta ya kulainisha ngozi, kwa sababu bado yanasifiwa mno. Kwenye ngozi iliyofunikwa hayapenyi kama watu wanavyofikiri. Yanabaki juu, kiti kinang'aa na kunata, vumbi linashika. Kiti safi cha ngozi ya namna hii haking'ai. Ukiona mng'ao, mara nyingi ni mafuta ya mwili na uchafu. Sponji nyeupe za melamini zinatoa doa kwa sababu zinakwangua kama msasa laini, na siku moja zitafika kwenye rangi. Asetoni na spiriti ziache kabisa.

Kama fedha ni kidogo, nunua pazia kwanza, kisha kisafishi na kinga, filamu ifuate baadaye. Na kama kuna kiti cha mtoto nyuma, weka chini yake kitandiko chenye rangi isiyotoka, ukiondoe mara kwa mara ngozi ipumue na ufute makombo. Chembe za mchanga zinazonaswa hapo hukwaruza zaidi ya jinzi yoyote.