Uzoefu wangu: darasa la kupiga picha za magari yakiwa mwendoni, hapa Malindi

Watu wengi wananiuliza inbox zile picha za malori ya chumvi nimezipigia wapi na nani kanifunza, sasa naandika hapa mara moja kila mtu asome. Nimefunzwa na mpiga picha mmoja wa hapahapa Malindi, jina silitaji mana kuna mahali ntamlalamikia, na wanaomjua wanamjua. Ada ni elfu sita, darasa ni la wikendi, kuna sehemu ya barabarani na kuna sehemu ya kuediti. Sehemu ya barabarani ningelipa hata mara mbili. Ya kuediti hapana, hiyo ntaieleza mbele.

Mie natumia Canon 700D niliyonunua kwa mtu na lenzi ya 55-250 STM. Kamera ya 2013 hiyo, ina pointi tisa za fokasi na inapiga picha tano kwa sekunde, na ukiweka RAW, yale mafaili ghafi makubwa, bafa, ile kumbukumbu ya muda ya kamera, inajaa upesi inaanza kusuasua. Mwalimu aliishika akaigeuzageuza akaniambia mdogo wangu hii inakutosha kabisa, usiende kukopa pesa ya kamera. Na kweli imenitosha. Mwenye simu tu pia alikuwepo darasani lakini yule alipata taabu, simu inataka kujiamulia yenyewe shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, na kwenye jua la huku inachagua kasi kubwa, gari linatoka kama limepaki, ni mpaka utafute programu inayokuachia uweke mwenyewe.

Hapo ndo penye kiini cha jambo zima. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, kwa sekunde moja linakata karibu mita 17. Ukilipiga kwa shata ya 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, linakuwa limesogea chini ya sentimita mbili, gurudumu halijazunguka hata kidogo cha kuonekana, kila kitu kimeganda, mtu akiangalia atasema dereva kasimama katikati ya barabara kununua madafu. Ukishuka mpaka 1/60 limesogea karibu sentimita 28 na gurudumu limezunguka kiasi cha nyuzi 50, rimu inavurugika vizuri, na kama wewe umelifuata na kamera kwa mwendo uleule basi bodi inabaki kali na nyuma kote kunavutika kuwa mistari. Hiyo ndo paningi. Kuisema rahisi.

Darasa lenyewe lilikuwa upande wa Sabaki, ukishavuka daraja kama unakwenda Mambrui. Alipachagua kwa sababu. Barabara ile inafuata pwani, bahari iko mashariki, kwahivo asubuhi ukisimama upande wa baharini jua liko mgongoni kwako na ubavu wa gari wote unawaka. Alafu malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni yanapita pale kuja mjini yakiwa yamejaa, na lori lililojaa linatembea kwa utulivu, halirukiruki, mwendo haubadiliki ghafla, unapata muda wa kulisoma kutoka mbali. Mie nilifikiria tuktuk ndo ingekuwa nyepesi kuanzia mana haina kasi. Mwalimu akasema subiri uone. Tuktuk ina magurudumu matatu madogo inadunda kila shimo, wewe unafuata kwenda kulia yenyewe inapanda na kushuka, ukitumia 1/60 inatoka na vivuli viwili juu na chini hata kama umefuata sawasawa. Kwa tuktuk anza 1/125, ukizoea teremka polepole.

Sasa mwili. Hiki hakuna video iliyonieleza kama alivyonieleza yeye, alinishika mabega kabisa. Miguu unaielekeza pale unapotaka kupiga, sio pale gari linapotokea. Kiwiliwili ndo unakizungusha kurudi nyuma kulipokea gari kule mbali, viwiko vimebana mbavuni, mkono wa kushoto chini ya lenzi, alafu unafunguka taratibu nalo, kiuno ndo kinazunguka, mikono haifanyi kitu. Unabonyeza likiwa limekunyookea mbele na HUSIMAMI, unaendelea kulifuata mpaka limepita. Wengi wanaganda kidole kikishabonyeza na picha inakufa pale pale. Alitufanya tufuate magari bila kupiga hata picha moja kwa muda mrefu sana, kuna jamaa alianza kunung'unika kuwa kalipa pesa ya kupiga picha sio ya kucheza chakacha, lakini yule yule jioni alikuwa anatuonyesha lori lake lina maandishi ya mlangoni yanasomeka herufi kwa herufi, kakaa chini ya mwarobaini anacheka peke yake.

Kwenye kamera: modi ya Tv ambayo shata unaipanga mwenyewe, fokasi AI Servo inayoendelea kulifuata gari, pointi ya katikati peke yake unaiweka kwenye mlango au taa ya mbele, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100. Lenzi za 70-200 za Canon zenye IS, kile kitu cha kutuliza mtikisiko, zina swichi ya modi 2, hiyo inatuliza mtikisiko wa juu na chini na inakuachia wa pembeni. Yangu haina, ina kuwasha na kuzima basi, nimejaribu zote mbili na mie napenda ikiwa imezimwa.

Kitu kingine ambacho kilinifungua macho ni umbali. Unaweza kufuata gari vizuri kabisa na bado pua ikawa kali mkia ukawa ukungu, na ukadhani ni fokasi. Sio fokasi. Ukisimama karibu, pua na mkia zinapita mbele ya jicho lako kwa kasi tofauti, na kamera inaweza kufuata kasi moja tu. Dawa yake rudi nyuma, uvute na zumu. Toka nijue hivyo nasimama mbali kabisa na lami natumia zumu ya milimita 135 mpaka 200 na lori zima linatoka kali, na faida ya pili huko mbali ndo salama. Halafu angalia nyuma ya gari kuna nini. Mbingu tupu haitoi mistari, haina cha kuvutika, gari linaonekana linaelea tu. Minazi, mikoko, ukuta wenye rangi, vibanda vya nguo, hivyo ndo vinatoa kasi. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote ni matatu ya Garsen imepita mbele ya vibanda, nyuma kumekuwa mistari ya leso, nyekundu na njano na nyeusi, na konda mlangoni kashika reli uso wake uko wazi kabisa hata meno unayaona. Sikuongeza rangi hata chembe.

Jua la huku ni mtihani. Mpaka saa tatu asubuhi ushachelewa, mwanga unapiga kutoka juu, gari chini lote jeusi na bonet nyeupe pee, alafu lami ikipata moto ule mvuke unaochezacheza unalegeza picha za mbali na hakuna programu itakayorudisha. Na pia kwenye jua kali ISO 100 na 1/30 kamera inataka kufunga tundu la lenzi kupita f/22, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, na kufunga sana kunalegeza picha na kila vumbi la sensa linaonekana madoa madoa. Filta ya ND8, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, inamaliza hiyo shida, inapitisha moja ya nane ya mwanga, 1/30 inakaa kwenye f/10 hivi. Ya kupunguza mng'ao, ile polaraiza, pia naipenda mana inaondoa mwako kwenye kioo cha mbele unamwona dereva. Kusi ikivuma utaona lenzi ndefu inayumba mkononi, siku hizo mie natoa hudi, ule mkingajua wa mbele ya lenzi. Na chumvi ya bahari jamani, kamera ikalale kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana na vile vipakiti vya silika jeli, tusiharibu vitu.

Kwa usalama nampa mwalimu heko zote. Kwenye kona hasimamishi mtu upande wa nje, mana gari likishindwa kona huko ndo linakokwenda. Kuna mwanafunzi aliomba zile picha za gari kwa gari, mtu ananing'inia nyuma ya probox buti wazi, akakataa kata kata, akasema barabara ya watu sio studio. Na alitufunza kusalimia, unawapungia madereva, unaenda kwa wazee wa kibandani unawaambia tunafanya nini, mkizingirwa na watoto mnawaonyesha picha. Hakuna aliyetusumbua.

Haya sasa kuediti. Hapa sikuridhika na nilimwambia mwenyewe pia. Tulikaa kwa kompyuta muda mfupi mno na muda mwingi ulienda kwenye priseti zake, mipangilio ya rangi ya kubonyeza tu, anazouza pembeni, ile ya kufanya kila kitu rangi ya chungwa na buluu, na akatuonyesha jinsi ya kukata gari lililopaki na kuvuta nyuma yake iwe mistari ya uongo. Yaani mtu umenisimamisha juani unifunze kuzungusha kiuno alafu unaniambia programu itafanya. Na ile mistari ya uongo inajulikana, magurudumu yamesimama tuli, na ukingo wa gari una kama utando mweupe. Wanafunzi wapya watatoka pale wanaamini ndo njia.

Kuediti nimejifunza kwenye programu ya darktable, ni bure kabisa na inafungua faili za CR2, yaani RAW za kamera yangu, laptopu yangu ya zamani inaivumilia ingawa ukiweka vitu vingi inahema. Na kazi yenyewe ukishapiga vizuri ni ndogo. Nanyoosha mstari wa barabara, nakata nikiacha nafasi kubwa mbele ya gari kuliko nyuma yake, nashusha mwanga wa bonet, nachora maski, mpaka wa sehemu ninayotaka kuigusa peke yake, kuzunguka gari napandisha mwanga kidogo chini kwenye matairi mana ndo panazama, nafuta madoa ya vumbi, nanoa ndani ya maski tu, nyuma sinoi kabisa. Saturesheni, ukolezi wa rangi, naigusa kwa woga. Namba za magari naziziba kabla ya kuposti, gari ni la mtu na hujui nani anamtafuta.

Kwa hivo kama una kamera na hujawahi kupata gari kali na nyuma kuna mistari, nenda, utalipata. Mwambie wazi unataka barabarani tu akupunguzie ada, nimesikia kuna waliokubaliwa. Mie lengo langu ni Naivasha, Safari Rally toka irudi WRC, mashindano ya dunia ya rally, 2021 naiangalia kwa simu tu, na vumbi lile linataka kasi nyingine kabisa, huko unaganda vumbi hewani kwa 1/1000 na jua likiwa nyuma ya gari, ndo mazoezi yangu ya sasa hivi kwenye njia ya vumbi ya Marafa. Anaetaka kuja Jumamosi aniambie mapema, abebe maji, kofia na viatu vilivyofunika vidole, mana mbigili za huko hazina huruma.