Kusaka sayari za mbali ukiwa Dodoma: mpito au mtikisiko?

Kwa darubini ya inchi 8 na kamera, chagua mpito, yaani kupima mwanga wa nyota unavyofifia sayari inayoizunguka ikikatiza mbele yake. Nyota HD 189733 hufifia kwa takriban asilimia 2.4 kila baada ya siku 2.2, na Julai hadi Septemba anga la Dodoma huwa kavu. Anza kurekodi saa moja kabla ya mpito, legeza fokasi kidogo pikseli zisijae, kisha linganisha na nyota jirani. Upepo hutikisa darubini, na vumbi hufifisha nyota zilizo karibu na upeo. Hizo achana nazo.

Mtikisiko wa nyota, yaani kupima nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake, hukupa makadirio ya uzito wa sayari, ambayo mpito peke yake hautoi. Ila Dunia hulisogeza Jua sentimita 9 tu kwa sekunde, na HARPS, chombo cha kupima mtikisiko huo kule Chile, kina usahihi wa mita 1 hivi kwa sekunde, hivyo hata chenyewe hakitoshi kwa sayari kama Dunia.