Saluni za Haibridi kwa Sisi wa Tanga: Ipi Ununue, Daraja Lipi, na kwa Nini Uanze na Tundu la Hewa la Betri

Katika ujumbe ninaopokea kutoka kwa wasomaji wa Tanga mjini, Muheza na Korogwe, lalamiko moja limekuwa likijirudia. Mtu amenunua saluni ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ya hadhi ya juu, mara nyingi Toyota Crown au Camry, ikiwa inang'aa yadini na imetulia barabarani siku ya kuijaribu. Miezi michache baadaye dashibodi inawasha pembetatu yenye alama ya mshangao, na fundi anamwambia kwamba betri kubwa imekwisha. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake kununua gari hilo. Muuzaji alimjibu kwamba betri ni kifaa cha kuchakaa na kwamba gari likishatoka getini ni la mnunuzi. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu katika visa vingi nilivyoelezwa chanzo kilikuwa kitu ambacho kingeonekana kwa tochi ya simu kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, ngozi ya viti wala kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Hayo kila mnunuzi huyatazama, na kila dalali anajua kuyapamba.

Je, haibridi inatufaa?

Faida ya haibridi hupatikana pale ambapo gari linapunguza mwendo na kuongeza mara kwa mara, kwa kuwa kila unapokanyaga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na umeme huo ndio unaoliondoa gari tena bila injini kunywa petroli. Mji wetu hauna foleni za Dar es Salaam. Mtu ambaye safari zake ni kutoka Raskazone kwenda Ngamiani sokoni na kurudi nyumbani hatatembea kilomita za kutosha kurudisha gharama aliyoongeza, na gari lake likilala siku nyingi bila kuwashwa, ile betri ndogo ya volti 12 itaishiwa chaji. Hapo mfumo mzima hauwaki, hata kama betri kubwa ni nzima kabisa. Mtu wa namna hiyo ninamshauri anunue gari la petroli la kawaida.

Hali ni tofauti kwa anayekwenda Dar es Salaam mara kwa mara kupitia Segera na Chalinze. Njia ile ina vijiji vingi vyenye vibao vya kilomita 50 kwa saa na matuta, na kila kijiji ni breki, kisha ni kuondoka upya. Hapo haibridi inaonyesha thamani yake. Inaionyesha pia kwa anayepanda Lushoto, kwa sababu katika kuteremka kutoka milimani hadi Mombo betri hujaa bila kutumia tone la petroli; ikishajaa, weka gia kwenye B, kama gari lako lina nafasi hiyo, ili injini isaidie kuzuia mwendo, usiziachie breki kazi yote katika kona zile. Usidanganyike, hata hivyo, na takwimu za Kijapani: Crown ya haibridi ya lita 2.5 ilitangazwa kuwa inakwenda hadi kilomita 23.2 kwa lita katika kipimo cha JC08, ambacho hufanyika maabara, na hutaiona namba hiyo kwenye barabara ya Segera huku kiyoyozi kikiwaka.

Tundu ambalo hakuna anayelitazama

Betri kubwa ya saluni nyingi za haibridi za Toyota za miaka ya 2010 ni ya nikeli, nayo hukaa nyuma ya kiti cha nyuma, upande wa buti. Joto ndilo adui yake mkubwa. Ili isichemke, kuna feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, yaani hewa ileile mnayoivuta nyinyi abiria, kupitia tundu lenye wavu wa plastiki. Kutegemea modeli, tundu hilo huwa pembeni mwa kiti cha nyuma, chini yake, au kwenye rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma. Hewa hupita katika bomba, hupuliziwa kwenye seli, kisha hutolewa nje. Baadhi ya magari yana chujio dogo katika njia hiyo. Mengine hayana chochote, na vumbi huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya feni.

Sasa litazame gari hilo katika mazingira yetu. Kwanza, hapa watu huvisha viti kava nzito mara tu gari linapofika, na fundi wa kava ambaye hajui tundu ni la nini hulifunika na kulibana kwa pini za stepla. Pili, mwenye gari anayetaka kubana matumizi huzima kiyoyozi na kufungua vioo, na akipita mitaa isiyo na lami ya Mikanjuni au Pongwe wakati wa kiangazi, vumbi lote linaingia ndani na feni inalivuta. Tatu, gari lililoegeshwa juani Kange adhuhuri lina hewa ya moto ndani yake, na hiyo ndiyo hewa inayopelekwa kupoza betri kwa dakika zote za mwanzo wa safari. Nne ni bahari. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, nayo hupita juu ya vipande vya shaba vinavyounganisha seli. Vikishika kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida na sehemu hiyo huzidi kupata joto.

Wavu ulioziba una sura yake. Unaona tabaka la vumbi la kahawia lililoshikana na nyuzi za nguo na nywele, limekauka na kuwa zito kama kipande cha blanketi, na ukipitisha kidole linatoka zima. Gari lenye wavu wa namna hiyo limekuwa likichemsha betri yake kwa muda mrefu, hata kama siku hiyo halionyeshi taa yoyote.

Kabla ya kulipa, omba kava ya kiti cha nyuma ifunuliwe, tafuta tundu, mulika ndani. Kisha mlete fundi mwenye mashine ya kupimia inayosoma mfumo wa haibridi, maana zile za bei nafuu husoma injini pekee. Betri ya Camry ya kizazi cha XV50, kwa mfano, ina moduli 34 za volti 7.2, jumla volti 244.8, na mashine huzisoma mbilimbili, hivyo utaona mafungu 17. Gari likiwa linavuta mzigo, mafungu yote yanapaswa kusomeka karibu sawa. Fungu moja likishuka peke yake, betri imeanza kuharibika. Mwambie fundi aiwashe feni kwa amri ya mashine, uisikilize kwa masikio yako. Mashine ikitoa msimbo wa hitilafu P0A82, unahusu feni hiyo, na P0A80 unasema betri yenyewe inahitaji kubadilishwa. Usimruhusu fundi yeyote asiye na glavu za kuzuia umeme aguse nyaya za rangi ya chungwa, wala afungue betri bila kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri, kwa kuwa umeme ule unaua.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza ninaipa Toyota Crown ya haibridi ya kizazi cha S210, iliyotoka Desemba 2012 na kuboreshwa Oktoba 2015, katika daraja (yaani kiwango cha vifaa) la Royal Saloon. Ninaipenda Toyota na sifichi: vipuri vyake vinapatikana, mafundi wake wapo, na siku ya kuuza utapata mteja. Injini ni ya lita 2.5, na ikiungana na mota nguvu yake hufikia farasi 220, ambazo zinatosha kabisa kupita lori kwenye mlima.

Vijana wengi wanataka Athlete, toleo jingine la Crown hiyohiyo, kwa ajili ya uso wake mkali, na wauzaji wanajua, ndiyo maana wanaipandishia bei. Athlete S na Athlete G zina matairi ya inchi 18 yenye ukuta mfupi na springi ngumu zaidi. Kwenye lami ya Segera zinapendeza. Kwenye mashimo ya mitaani rimu hupinda. Royal Saloon ina tairi lenye ukuta mrefu zaidi na inabeba wazee bila kuwatikisa. Royal Saloon G inaongeza vifaa vya umeme kwa abiria wa nyuma, ambavyo ni vizuri kwa mwenye dereva lakini kwa familia ni mota za ziada za kutengeneza. Ninapendelea viti vya kitambaa kuliko ngozi, kwa kuwa mwenye kitambaa kizuri hashawishiki haraka kukivisha kava. Zile zinazoendeshwa na magurudumu yote manne ziache: zilikusudiwa theluji, na nyingi zimetoka kaskazini mwa Japani ambako chumvi inayomwagwa barabarani hula chasisi kwa chini.

Ya pili ni Camry ya haibridi ya XV50, iliyoanza kuuzwa Japani Septemba 2011, daraja la G Package. Leather Package haiongezi kitu ninachokihitaji. Ni pana, inavuta kwa magurudumu ya mbele, na kwa anayejali matumizi ya mafuta kuliko heshima ya jina, hana sababu ya kuzidisha bei hadi Crown.

Lexus GS300h ina injini ya jamii ileile ya Crown. Ziada unayolipa ni ya beji na utulivu wa ndani. Honda Accord ya haibridi ya mwaka 2013 ina betri ya lithiamu na injini isiyofika cc 2000, jambo linaloipunguzia kodi, lakini kupata vipuri vyake hapa Tanga ni kazi. Nissan Fuga ina nguvu kubwa na injini ya lita 3.5, na sioni sababu ya kununua haibridi kisha kulisha injini ya ukubwa huo.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna Toyota Sai. Inafaa, mradi tundu lake ni safi.

Bei, kodi na wauzaji

Anayeagiza mwenyewe atazame mwaka wa kutengenezwa kabla ya kitu kingine. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini inayozidi cc 2000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa uchakavu, wakati lile la kati ya miaka 8 na 10 huongezewa 15. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla yote. Tozo ndogo zikiwekwa kando, gari la injini inayozidi cc 2000 ambalo TRA imelithamini kwa shilingi 100 linafika zaidi ya 206 likiwa limepita miaka 10, na takriban 184 likiwa la kati ya miaka 8 na 10. Tofauti hiyo mara nyingi inatosha kununua Crown iliyotoka baada ya maboresho ya 2015 badala ya ile ya zamani, na kikokotoo cha TRA mtandaoni kitakuonyesha hesabu ya gari lenyewe.

Wanaonunua yadini hawaoni hesabu hizo, na hapo ndipo ninapowalaumu wauzaji. Wanalipa kijana aoshe injini kwa mashine, wapake matairi dawa, wapulize manukato ndani, lakini hawalipi mtu asafishe tundu la betri, kazi ya nusu saa kwa bisibisi na brashi laini. Wapo wanaofuta misimbo asubuhi ya siku ambayo mteja anakuja, wakijua kwamba taa itakaa kimya mpaka gari litembee vya kutosha. Karatasi ya mnada kutoka Japani wanaionyesha pale tu alama zinapokuwa nzuri, na hata ikiwa nzuri, hueleza mikwaruzo ya bodi na usafi wa ndani bila kukupa volti za mafungu ya betri.

Basi mwambie muuzaji mapema, kwa simu, kwamba utakuja na fundi wako na mashine yake, na kwamba unataka gari liwe halijawashwa tangu jana yake. Mwambie pia kwamba matokeo ya mafungu yote yatachapishwa na kuambatanishwa na mkataba wa mauziano, yakiwa na tarehe na sahihi yake. Akikuuliza unataka hayo ya nini wakati gari linaonekana zima, hamisha fedha zako kwenye yadi nyingine.