Ultrasaundi au CT kwa utumbo wenye ugonjwa wa Behçet

Ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937, hushambulia mishipa ya damu, na unapofika tumboni hupenda kuchimba vidonda vyenye kina kirefu pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Kwa mgonjwa anayetoka Makete au Tukuyu kwenda hospitali ya rufaa Mbeya, picha ya kwanza huwa ni ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka).

Ultrasaundi haina mionzi, hurudiwa bila hofu, na huonyesha ukuta wa utumbo uliozidi milimita 3 pamoja na damu inayopita humo kwa wingi. Hata hivyo hutegemea mno mkono wa mpimaji, na gesi huziba mengi.

CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa huona tumbo zima: ukuta ulionenepa, mafuta yanayouzunguka utumbo yaliyovurugika, na hasa hewa iliyovuja nje ya utumbo uliotoboka, jambo ambalo katika Behçet si nadra. Mionzi yake ni gharama ya kweli kwa kijana atakayefuatiliwa miaka mingi, na figo zilizodhoofika huhitaji tahadhari kwa sababu ya dawa hiyo.

Mimi ningeanza na CT maumivu yanapokuwa makali ghafla, kisha ufuatiliaji uachiwe ultrasaundi. Hakuna kati ya hizo inayotenganisha kwa hakika Behçet na kifua kikuu cha utumbo, ambacho hukaa mahali palepale. Hapo kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana) na kipande kidogo cha utumbo kinachopimwa maabara ndivyo husaidia zaidi kuamua.