Tamthilia za Muziki: Albamu Ipi Uanze Nayo Ukiwa Uganda

Mtu wa London au New York huenda ukumbini kwanza, akaliona onyesho, akalipenda, kisha akanunua albamu ili abaki na nyimbo. Sisi wa Kampala, Jinja au Arua tunaanzia upande wa pili. Albamu ndiyo onyesho lenyewe, maana wengi wetu hatutaingia Broadway, kumbi kuu za tamthilia za New York, na makundi yanayozunguka dunia na maonyesho hayo makubwa ni nadra kufika huku. Kwa hiyo orodha zinazosifu mavazi, mitambo na taa hazitufai sana. Albamu hizi hapa nimezipanga kwa swali moja: ukifumba macho ukasikiliza, hadithi inakufikia?

Kwanza, suala la toleo, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Tamthilia moja inaweza kuwa na rekodi tano zenye jina lilelile. Kuna rekodi ya waigizaji wa kwanza wa Broadway, ya waigizaji wa kwanza wa London, ya waigizaji waliolirudisha onyesho jukwaani miaka mingi baadaye, ya tamasha la maadhimisho, na ya filamu. Kila moja ina sauti zake, mpangilio wake wa ala, na nyimbo zilizoachwa au kuongezwa. Halafu kuna zile za kuepuka: albamu za vikundi vya studio visivyojulikana, zenye jalada linalofanana na lile halisi, na zile za karaoke ambazo unakuta ala tupu, hakuna anayeimba. Kwenye programu za muziki huwa zimepangwa pamoja na za kweli. Angalia majina ya waimbaji na mwaka. Kama mwaka haulingani na mwaka wa onyesho unalolitafuta, au hakuna jina la mwigizaji hata mmoja, achana nayo. Jihadhari pia na albamu iliyoandikwa kwamba ina nyimbo teule tu. Kwa tamthilia unataka yote, si vipande.

Mpangilio nao ni muhimu. Hizi nyimbo ni sura za hadithi, na ukizichanganya, mtu aliyekufa wimbo wa kumi atafufuka wimbo wa kumi na moja. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo kabla hujaanza. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi kujaziwa albamu kwenye flashi na vijana wa madukani: faili huja bila namba, nyingine zimekatika, na wala waliotunga hawapati kitu. Spotify ilifunguliwa Uganda mwaka 2021, na huduma nyingine za aina hiyo zipo. Ukijisajili kwa mwezi mmoja tu na kupakua unachotaka kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni, utasikiliza wiki nzima bila kugusa bando. Kwa wanaotumia bando, hesabu ni hii: ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula takriban MB 0.7 kwa dakika, na ubora wa juu wa kilobiti 320 unakula MB 2.4. Albamu ya saa mbili na dakika ishirini itakula kama MB 100 kwa ubora wa chini na kama MB 340 kwa ule wa juu. Kwa nyimbo zenye maneno mengi ubora wa chini unatosha. Kwa kwaya, hapana. Sauti za chini zinamezwa.

Sasa orodha yenyewe.

Namba moja ni Sarafina! ya Mbongeni Ngema, na sioni mshindani kwa msikilizaji wa huku. Ilianza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ikapelekwa New York, na ikawa Broadway kuanzia 1988 hadi 1990. Muziki aliutunga Ngema pamoja na Hugh Masekela, kwa mtindo wa mbaqanga, muziki wa mitaa ya Waafrika wa Afrika Kusini, na hadithi ni ya wanafunzi wa Soweto katika kivuli cha maandamano ya Juni 16, 1976. Wengi wetu tuliiona filamu ya 1992 tukiwa shuleni au kwenye kibanda cha video, kwa hiyo picha tayari tunazo kichwani, jambo ambalo albamu nyingine yoyote hapa haiwezi kutuahidi. Na yeyote aliyepita kwenye mashindano ya MDD (muziki, ngoma na maigizo) shuleni anaijua kazi ile: mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, miguu inapiga sakafu, na sauti ya nne haiandikwi popote ila kila mtu anaijua. Hapa utaisikia ikifanywa na watu waliokuwa wakiyaishi mambo waliyoyaimba.

Rekodi ziko mbili. Ya filamu ndiyo watu wengi wanaifahamu, na Leleti Khumalo, anayeigiza Sarafina, yumo katika zote mbili. Lakini nunua ile ya jukwaani kwanza. Kwaya ina nguvu zaidi, tarumbeta ziko karibu na sikio, na nyimbo hazijalainishwa kwa ajili ya sinema. Ikiwa unafundisha kwaya, sikiliza jinsi wanavyoingia kwenye kiitikio cha “Freedom Is Coming Tomorrow”: hawapandishi sauti wote kwa pamoja, wanajengana tabaka kwa tabaka. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kujifunza hilo kwa sikio bila karatasi ya nota.

Namba mbili ni Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, iliyofika Broadway mwaka 2015. Kwa swali letu la kufumba macho, hii ndiyo bora kuliko zote, na imeshindwa namba moja kwa sababu tu hadithi yake, ya waasisi wa Marekani, iko mbali nasi. Karibu onyesho zima limeimbwa au kurapiwa, na albamu yenye nyimbo 46 inabeba kila kitu isipokuwa tukio moja fupi. Hakuna mahali utajiuliza nini kimetokea. Anayefuata lugaflow, rap ya Kiganda, atasikia mara moja ufundi uliomo: mabaraza ya mawaziri wa Marekani ya miaka ya 1790 yamegeuzwa mashindano ya kurap, na kila mhusika ana mwendo wake wa maneno. Angelica Schuyler, shemeji wa Hamilton, anarap kwa kasi na kwa maneno yaliyosukwa sana kwa sababu ana akili kali, na hilo unalisikia kabla hujaambiwa.

Shida yake ni historia. Wengi hatukusoma Vita vya Mapinduzi vya Marekani kwa undani, na majina yanakuja kwa kasi. Soma kwa nusu saa kuhusu Alexander Hamilton, Aaron Burr na Thomas Jefferson, kisha sikiliza huku maneno ya nyimbo yako mbele yako. Igawe mara mbili. Tamthilia yenyewe ina mapumziko katikati, nawe chukua mapumziko hayo. Kuna matusi machache, kwa hiyo usiifungulie spika mbele ya watoto.

Namba tatu, The Lion King, na hapa nasisitiza: toleo la jukwaani la 1997, si la filamu ya katuni ya 1994. Watu wananunua la filamu wakidhani ni yaleyale. Kwa jukwaa, mtunzi Lebo M wa Afrika Kusini alipewa nafasi kubwa, na kwaya za Kizulu zilizokuwa nyuma ya picha kwenye katuni zikawa moyo wa kazi. “Shadowland” anayoimba Heather Headley, na “He Lives in You”, hazimo katika albamu ya filamu ya kwanza. Ninaipenda hii albamu kwa dhati. Sisi tunaosema Kiswahili tunakutana na simba na rafiki tangu mwanzo, na hilo linafurahisha watoto, lakini kilicho bora ndani yake ni kwaya ya Kizulu. Haikupanda juu zaidi kwa sababu maongezi mengi ya jukwaani hayamo kwenye rekodi; aliyewahi kuiona katuni atajaza mapengo, asiyeiona atapotea. Kwa familia yenye watoto wadogo, ihesabuni kuwa namba moja.

Les Misérables ya Boublil na Schönberg naiweka ya nne. Imeimbwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hadithi inafika, na kisa cha mtu aliyefungwa kwa kuiba mkate hakihitaji maelezo. Ila rekodi ni nyingi mno. Ya London ya 1985 ina waigizaji wa kwanza, akiwemo Patti LuPone, lakini ala zake zinasikika za zama zile. Ya filamu ya 2012 waliimba papo hapo mbele ya kamera, jambo linalowafaa watazamaji kuliko wasikilizaji. Sauti zinakatika kwa kilio pale sikio linapotaka wimbo. Chukua tamasha la miaka kumi, lililofanyika Royal Albert Hall mwaka 1995, Colm Wilkinson akiwa Jean Valjean, mfungwa huyo wa mkate. Okestra ni kubwa, kwaya ni kubwa, na mwishoni wanatokea akina Valjean 17 kutoka nchi mbalimbali. Wanakwaya wa kanisani wataipenda bila kusukumwa.

Ya tano, The Color Purple, toleo la waliolirudisha onyesho Broadway mwishoni mwa 2015, Cynthia Erivo akiwa Celie, mhusika mkuu. Toleo la 2005 lina ala nyingi. Hili limepunguzwa hadi sauti zikabaki wazi, na kwa kusikiliza tu hili ndilo lenye faida. “I'm Here” ni wimbo wa mwanamke anayejihesabia alivyonavyo baada ya kunyang'anywa kila kitu, na Erivo anauanza kwa upole kiasi kwamba unaongeza sauti ya simu, kisha unalazimika kuipunguza. Kuna ubakaji wa mtoto na kipigo cha nyumbani ndani ya hadithi. Mpe mtu akijua hivyo.

Fela! ya 2009, kuhusu mwanamuziki Fela Kuti wa Nigeria, ni ya sita, na nitakuwa mfupi: bendi ni hodari, ila nyimbo zimefupishwa, na uhondo wa Fela uko katika zile dakika kumi na tano za wimbo mmoja. Pesa hiyo nunua albamu zake mwenyewe.

Lazima niseme kuhusu The Book of Mormon, kichekesho cha wamisionari wa Kimormoni kutoka Marekani, kwa sababu ndiyo watu wa nje hututajia wakisikia tunatoka Uganda. Ilifika Broadway mwaka 2011, ikatwaa tuzo tisa za Tony, zile kuu za Broadway, na sehemu kubwa yake imewekwa kaskazini mwa nchi yetu. Kama utunzi, nyimbo zimeshonwa vizuri. Kama Uganda, si Uganda. Maneno ya wimbo wake maarufu wa kijijini yamebuniwa. Si Kiacholi, si Kilugbara, wala si lugha yoyote inayosemwa hapa. Wanakijiji wake wana UKIMWI, umaskini na mbabe wa vita, na karibu hawana kingine. Waandishi wanasema wanamcheka Mmarekani anayedhani Afrika ndivyo ilivyo, na baada ya waigizaji weusi kutoa malalamiko, sehemu za maandishi zilirekebishwa kabla onyesho halijarudi mwaka 2021. Naielewa hoja hiyo. Hata hivyo, kichekesho kile kinamtegemea msikilizaji awe na picha nyingine ya Gulu ya kulinganisha nayo, na wasikilizaji wengi duniani hawana. Isiwe ya kwanza wala ya pili kwako. Ukiisikiliza, isikilize kwa hedifoni, maana matusi yake ni mazito na mengi yanamgusa Mungu.

Kwa kwaya za kanisa na shule, nje ya orodha, kuna tatu salama: Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, ambayo ilianza mwaka 1968 kama kazi fupi ya wanafunzi na bado inawafaa, The Sound of Music, ambapo ningechukua albamu ya filamu ya 1965 kwa sababu ya Julie Andrews, na Jesus Christ Superstar, ambayo ilitoka kama albamu mwaka 1970 kabla ya kuwa na jukwaa. Hiyo ya mwisho ilitungwa kwa ajili ya sikio, kwa hiyo inasimama peke yake kabisa. Zungumzeni na mchungaji kwanza; inaishia msalabani bila ufufuo.

Na kabla hujamaliza bajeti yote kwa mambo ya ng'ambo, weka kando nauli na kiingilio. Byron Kawadwa alituandikia Oluyimba lwa Wankoko mwaka 1971, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya; kundi lake liliipeleka FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, Lagos, mwaka 1977, na aliporudi, utawala wa Amin ukamuua. Alex Mukulu naye alitupa Thirty Years of Bananas mwanzoni mwa miaka ya 1990, historia ya nchi ikiimbwa na kuchezwa. Tamthilia yenye nyimbo si kitu cha kuazima kwetu. Fuatilia ratiba ya National Theatre pale Kampala, na ile ya Ndere Centre, Ntinda, ambako ngoma za pande zote za nchi zinaimbwa na kuelezwa jukwaani. Ukisikia kazi ya Kawadwa inarudishwa, ahirisha usajili wa mwezi huo, ununue tiketi.

Jambo moja kwa walimu wa MDD. Kununua albamu hakukupi ruhusa ya kuigiza. Kwa Les Misérables na The Lion King zipo nakala maalumu zilizofupishwa kwa ajili ya shule, na leseni hutolewa na Music Theatre International. Kila kazi ina wakala wake. Waandikieni muhula mmoja kabla, mtaje idadi ya maonyesho, ukubwa wa ukumbi na kama mtatoza kiingilio, kisha subirini jibu kabla hamjawagawia wanafunzi sehemu.