Sony WH-1000XM4 au XM6: mwenye hedifoni nzima Kigoma abadilishe?

Mtu ana Sony WH-1000XM4, hedifoni isiyo na waya inayofuta kelele za nje, inawaka na kucheza vizuri, naye anaishi Mwanga, Gungu au Ujiji. Je, atoe zaidi ya shilingi milioni moja kuchukua XM6? Kwa wengi jibu ni hapana, angalau si sasa. XM6 ni bora kuliko XM4, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kilichoongezeka si kile ambacho wengi hapa wanakikosa, na malalamiko mengi kuhusu XM4 za zamani chanzo chake ni sponji za masikioni zilizochoka.

XM4 ilitoka 2020 kwa dola 350, XM5 ikafuata 2022 kwa dola 400, na XM6 ikaingia Mei 2025 kwa dola 450. Hizo ni bei za Marekani. Usafiri na ushuru hadi mzigo ufike Kigoma ni juu yako.

Kabla ya kulinganisha matoleo, orodhesha kelele zinazokusumbua. Jenereta ndogo ya petroli yenye silinda moja, kama zile zinazowekwa mlangoni mwa saluni umeme ukikatika, huzunguka mara 3,000 kwa dakika na kulipua mafuta mara 25 kwa sekunde. Basi la dizeli lenye silinda sita, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, hulipua mara 90 kwa sekunde. Ngurumo nzito za namna hiyo ndizo hedifoni hizi zinazimudu: maikrofoni inanasa kelele, saketi inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanauana kabla ya kufika sikioni. Wimbi linalojirudia mara 100 kwa sekunde huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde kukamilika, kwa hiyo saketi ina nafasi ya kulilenga. Linalojirudia mara 5,000 huisha ndani ya sekunde 0.0002, na hapo kuchelewa kidogo tu kunaharibu hesabu yote. Ndiyo maana kuanzia kwenye mawimbi yanayojirudia kama mara 1,000 kwa sekunde kwenda juu, kazi kubwa inafanywa na sponji na kikombe kilichofunika sikio, si na umeme.

Sasa pima kelele zako. Treni ya Tabora: mvumo wa behewa unapungua sana, lakini mgongano wa magurudumu kwenye maungio ya reli utausikia, kwa sababu ni wa ghafla. Grainda ya fundi wa mageti: inapungua kiasi tu. Mtoto analia chumba cha pili: utamsikia. Mvua juu ya bati, ambayo hapa ni habari ya miezi kadhaa kila mwaka, ina sauti za chini na za juu kwa pamoja. Mngurumo utaondoka, mchakacho utabaki. XM6 itakusaidia zaidi ya XM4 kwenye mchakacho huo, ila mwenye kutegemea ukimya kamili ataona pesa yake imepotea.

Boti za Kibirizi, Ziwa Tanganyika, nazo zina shida yake. Kelele ya injini ya nyuma inafutwa vizuri, kisha upepo wa ziwani unapiga maikrofoni za nje na hedifoni inaugeuza kuwa mtetemo masikioni. Kwenye XM4 fungua programu ya Sony, nenda kwenye udhibiti wa sauti za nje, uchague kupunguza kelele za upepo. Nguvu ya kufuta kelele itashuka kidogo, ila utapumua.

Kwa namba, XM4 ina maikrofoni 4 za kufuta kelele, XM5 ina 8, XM6 ina 12 na prosesa mpya ya QN3. Tofauti kati ya 4 na 12 inasikika hasa kwenye sauti za katikati, yaani watu wanaoongea karibu nawe. Anayefanya kazi kwenye ofisi ya watu wengi ataitambua siku ya kwanza. Anayetaka kuzima jenereta na basi atatafuta tofauti kwa bidii.

Tuje kwenye sponji, maana hapa ndipo pesa inapookolewa. Zimevikwa ngozi ya bandia ambayo jasho na joto huichuna. Ikishachanika au sponji ikalala, hewa inapita pembeni, besi inapotea, na kelele za chini zinaingia kwa njia ambayo saketi haiwezi kuifidia. Kipimo ni rahisi: vaa hedifoni karibu na feni au friji inayounguruma, washa kufuta kelele, kisha kandamiza vikombe taratibu kwa viganja. Kelele ikishuka ulipokandamiza, hewa inavuja. Vua miwani urudie, kwa sababu mikono ya miwani nayo inaacha mwanya.

Sponji za XM4 zinabadilishwa bila bisibisi. Ingiza kucha au kipande bapa cha plastiki kati ya sponji na kikombe, vuta kidogo kidogo ukizunguka hadi fremu yake iachie. Usitumie kisu, ndani kuna maikrofoni na kitambaa chembamba. Sponji mpya zina alama za kushoto na kulia. Ziweke mahali pake ukandamize kuzunguka hadi usikie mlio wa kujifunga pande zote. Upande mmoja usipofunga utarudi palepale pa kuvuja. Baada ya hapo bonyeza na kushikilia kitufe cha CUSTOM ukiwa umevaa, mpaka sauti ikuambie kipimo kimeanza, ili hedifoni ijipange upya kwa sikio lako na sponji mpya. Wengi hawafanyi hatua hii, kisha wanasema sponji za kununua mtandaoni ni mbovu.

Kweli zipo mbovu. Kwenye kikombe cha kushoto kuna kihisi kinachojua kama umevaa, na baadhi ya sponji za bei ya chini zina kitambaa kizito kinachokifunika. Matokeo yake muziki unasimama wenyewe. Zima kihisi hicho kwenye programu na utaendelea kusikiliza. Na usinunue sponji za XM5 ukidhani zitaingia kwenye XM4, hazifanani.

Kwa wanaovaa mtandio au ushungi: kitambaa kikipita chini ya sponji, hasa kikiwa na mikunjo, kinavujisha hewa kama sponji mbovu, na XM6 haitakuokoa hapo. Vaa hedifoni kwanza, mtandio mwepesi juu, kisha zima paneli ya kugusa, la sivyo kitambaa kitakuwa kinaruka nyimbo. Tahadhari ni moja: kitambaa kikisugua maikrofoni za nje utasikia mchakacho, hivyo kibane kisichezecheze. Misuko minene inayopita juu ya sikio ina shida hiyohiyo. Sogeza misuko nyuma kabla ya kulaumu mashine.

Betri isikutishe. XM4 inakaa saa 30 ukiwa umewasha kufuta kelele. Ukisikiliza saa 3 kwa siku unachaji kila baada ya siku 10, kama mara 36 kwa mwaka, na miaka mitano haifikishi mara 200. Kinachoua betri hizi mapema ni joto: kuachwa kwenye dashibodi ya mchomoko (gari dogo la abiria) unaokwenda Kasulu jua la saa nane, au kukaa miezi kabatini ikiwa tupu. Kama unaiweka muda mrefu, iache na chaji kama nusu.

Basi, nani abadilishe? Anayepiga simu nyingi kwa hedifoni. Hapa XM4 imepitwa waziwazi: ukiwa stendi, mtu wa upande wa pili anasikia stendi nzima. XM6 ina maikrofoni sita za sauti yako na inachuja vizuri zaidi. Anayetaka kutumia huku akichaji naye ana sababu, kwa kuwa XM4 hujizima mara unapochomeka waya wa chaji, wakati XM6 inaendelea kucheza. Kwa anayeishi kwa pawabenki hilo si jambo dogo, ingawa dakika 10 za chaji zinaipa XM4 kama saa 5. Wa mwisho ni yule ambaye bawaba ya kukunjia imepasuka. Gundi ya haraka haidumu pale, kwa sababu sehemu hiyo inabeba mvuto kila unapovaa.

XM5 iruke ukiwa msafiri. Haikunjiki, kasha lake linakula nafasi kwenye begi, na XM6 imerudisha kukunja. Kama unaipata kwa bei nzuri ya kukaa nayo mezani, chukua.

Ambaye hajawahi kumiliki hedifoni ya aina hii asianze na yoyote kati ya hizi. Soundcore Space One ya Anker ilitoka kwa dola 100, inakaa saa 40 na kufuta kelele kukiwa kumewashwa, na kwenye jenereta na basi inafanya kazi ya kutosha kabisa.

Ukiamua kununua, feki za Sony zipo nyingi. Usilipe kabla ya kufanya mambo matatu dukani. Iunganishe na programu ya Sony. Feki haitambuliwi au inakwama. Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio ya wasanidi (Developer options) uangalie orodha ya kodeki, yaani njia za kubana sauti inayopita kwenye Bluetooth: LDAC, kodeki ya Sony yenyewe, isipojitokeza kwenye simu inayoiweza, rudisha kasha. Kisha simama karibu na jenereta ya jirani, vaa, uwashe na kuzima kufuta kelele mara kadhaa bila muziki. Kwenye halisi ngurumo inazama na kurudi papo hapo. Muuzaji akikuambia jenereta ya kujaribia haipo, feni inatosha, na kama feni pia hakuna, subiri basi lipite.