Bima ya wanafunzi na zahanati ya chuo: uzoefu wangu tangu mwaka wa kwanza

Mnaojiandaa kuripoti chuo, kwenye orodha ya malipo mtakuta mstari wa bima ya afya: shilingi 50,400 kwa mwaka. Ndicho kiasi nilichokuwa nalipa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania, tangu mwaka wa kwanza, na sasa namalizia wa tatu kwenye chuo kimoja cha serikali ambacho sikitaji kwa sababu cheti changu bado wanacho. Kwa anayetegemea bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali, la 10,000 kwa siku, hizo ni siku tano za kula, na nawajua waliopiga hesabu hiyo wakaona bora wale. Mimi nasema lipa. Ila ujue kadi ni kitu kimoja na zahanati ya chuo ni kitu kingine kabisa.

Zahanati ndiko utakakoanzia karibu kila mara, maana mfumo ni wa rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, na kuendelea juu. Ukiamka na kikohozi ukakimbilia hospitali ya mkoa bila karatasi ya rufaa, unaweza kurudishwa au kutoa hela mfukoni. Dharura tu ndiyo inayoruka ngazi.

Ya kwetu mchana iko vizuri, ukiacha foleni ya wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ambapo nusu ya benchi wanatafuta ED, karatasi ya ruhusa ya ugonjwa. Malaria wanapima kweli: tone la damu kidoleni, unasubiri robo saa hivi, ukikutwa nayo unapewa dawa ya mseto na unaelezwa uimeze ukiwa umekula. Hapo sina neno. Shida ni pale unapokosa malaria, kwa sababu basi una UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Chuo kizima kina UTI. Homa ni UTI, kiuno ni UTI, umechoka ni UTI, na sipro, dawa ya kuua bakteria, unaandikiwa kabla majibu ya mkojo hayajatoka maabara. Mwenzangu chumbani ana kopo la siagi limejaa vidonge alivyoacha katikati baada ya kupata nafuu, na akijisikia vibaya anachomoa viwili. Halafu tunashangaa tukiambiwa vijidudu vimekuwa sugu.

Kingine ni dirisha la mapokezi. Sista anauliza kwa sauti, benchi zima linasikia: "Binti, siku zako mara ya mwisho lini?" Swali lenyewe ni halali. Msichana anayeumwa tumbo lazima aulizwe, mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua. Lakini chumba cha daktari kiko hatua chache tu kutoka pale, na kina mlango. Nimewaona wasichana wanataja tarehe ya uongo kwa kuwa nyuma yao wamekaa vijana wa darasa lao, na tarehe ya uongo ikishaingia kwenye faili inampoteza daktari. Wengine hawaendi kabisa, wananunua dawa duka la nje ya geti bila hata kupimwa.

Mwaka jana, mitihani ikikaribia, tumbo lilinianza kitovuni. Nikaenda zahanati mchana, nikaandikiwa, naam, UTI. Usiku maumivu yakahamia chini upande wa kulia, nikawa siwezi kunyooka. Zamu ya usiku alikuwepo tabibu mmoja mtu mzima, mpole. Akanilaza, akabonyeza pale chini kulia taratibu, akaachia ghafla. "Imeuma zaidi nilipobonyeza au nilipoachia, mwanangu?" Alipoachia ndipo nilipopiga kelele. Akaandika rufaa akiwa amesimama: kidole tumbo.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa chini ya mwembe. Funguo anazo dereva, dereva yuko kwake, simu haipatikani. Mlinzi wa geti, ambaye kazi yake si hiyo, akampigia mtu wake wa bajaji. Nauli tulitoa wenyewe, na kila tuta la barabarani nililisikia tumboni.

Hospitalini ndipo 50,400 ilipojieleza. Mapokezi walichukua namba ya kadi na alama ya kidole, wakaendelea na kazi. Upasuaji, kitanda, sindano, sikutoa senti. Dawa moja haikuwepo dirishani, nikapewa fomu ya kuichukulia kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Mama alikuwa amesafiri na hela alizokopa kwenye kikoba, akarudi nazo zikiwa zimefungwa vilevile kwenye ncha ya khanga.

Kadi ina mipaka yake. Machi 2024, kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unazilipia hospitali, kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi, kwa hiyo usijengee matumaini hospitali moja tu ya jirani. Na kama chuo chenu kinakusanya hela na kupeleka majina chenyewe, kama cha kwetu, wafuatilieni. Mwaka wa kwanza tulilipa Novemba, Krismasi ikapita, jina langu halisomi popote. Tunza risiti ya malipo na namba ya kumbukumbu. Mimi nilikuwa naenda nayo ofisini mpaka wakanizoea.

Mwenye pumu au sikoseli asisubiri azidiwe. Nenda wiki ya kwanza ukiwa mzima, ufunguliwe faili, na mwenzako wa chumbani ajue dawa zako ziko wapi na namba ya nani apige. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo, iweke kwenye simu. Weka na ya bajaji anayelala karibu na geti.

Bima naipa nne kati ya tano. Zahanati mchana naipa tatu, ingepata zaidi kama wangelifunga lile dirisha. Yule tabibu wa usiku tano zote. Gari la wagonjwa sijawahi kulipanda, sina alama ya kulipatia.